Mkono wa Mutai

Kuna jambo sijalielewa hadi leo: mkono unaojua kazi unaisahauje kwa sababu tu mtu fulani amekaa karibu? Mutai aliendesha malori ya majani chai Kericho kabla ya kuja Doha. Huku usukani uko kushoto na gia iko kulia, na kwenye mafunzo alizoea upesi hata mwalimu akamsifu. Lakini mara mbili afisa wa mtihani alipoketi kando yake, mkono wa kushoto ulikwenda kutafuta gia ukagonga mlango, na gari likazima. Ijumaa hiyo, siku ya mapumziko huku, baada ya ibada ya kanisa Abu Hamour, tulikuwa kwenye benchi letu Al Mansoura, nje ya duka la karak, ile chai nzito ya maziwa. Mtihani wa tatu ulikuwa Jumapili. Akianguka tena, kampuni ingempa mtu mwingine gari aliloahidiwa, naye angeendelea na ulinzi wa geti huko Muaither, juani.

— Shida ni oud, alisema Githinji, fundi wa AC tunayemwita Injinia. Afisa anaingia na manukato, AC inayazungusha, ubongo unalewa.

— Zii! Hata mwalimu wake hujipaka oud.

Huyo alikuwa Oloo, dereva wa gari la kusambaza maji. Sisi humwita Redio kwa sababu hanyamazi.

— Shida ni mkono wa kushoto, akaendelea. Uko Kenya bado. Haujapata residensi ya Qatar.

Mutai akasukuma kikombe chake kando.

— Chekeni tu. Ule mlango nimeugonga mpaka umenijua jina.

— Basi ufunge huo mkono na mshipi, bro.

— Halafu nishike usukani na meno?

— Muwazie afisa akiwa na boksa peke yake, alisema Injinia.

— Nilijaribu. Nikacheka. Akanifelisha kabla hatujafika raundabauti.

Redio akasogea mbele, chai ikamwagika.

— Sikizeni. Chini ya huu mji kuna gesi, si ndio? Hiyo gesi inavuta.

— Inavuta nani?

— Watu wa Kericho! Mmezoea milima, huku ni tambarare, mwili unalalia kushoto.

— Oloo, wachana na mimi. Hapa nalilia kazi.

Hapo msichana mmoja aliyekuja kununua chai, nesi mgeni aitwaye Charity, akageuka.

— Samahani ndugu zangu. Akifanya mazoezi, nani hukaa kando yake akimtazama tu, bila kusema kitu?

Mwalimu humwongelesha mwanzo mwisho. Na benchi letu, mimi nikiwemo, tulikuwa hatujawahi kumpa Mutai kimya hata kidogo.

— Mimi mikono ilinitetemeka mbele ya mtahini wa unesi, alisema Charity. Dada yangu akawa anakaa na kalamu, ananitazama, kimya. Mpaka nikachoka kumwogopa.

Ikaamuliwa papo hapo: Mutai akae kwenye usukani wa gari la Redio, nyuma ya duka, injini ikiwa imezimwa, na mmoja wetu awe afisa. Injinia alianza. Mutai hata hajafunga mkanda, Injinia akapaza sauti:

— Kioo! Hujaangalia kioo!

Tukamshusha.

Akapanda Redio. Akaomba kalamu, akaukazia macho mkono wa Mutai. Mkono ukagonga mlango. Tukangoja aseme. Akaandika kitu kwenye boksi la chupa za maji, basi. Mutai akajifuta jasho, akaanza upya. Mlango tena. Simu ya Redio ikalia, akaizima bila kuitazama. Chai zetu zilikuwa zimepoa mkono wa kulia uliposhuka wenyewe hadi kwenye gia, Mutai macho mbele. Akarudia. Akarudia tena.

Jumapili ni Redio huyohuyo aliyempeleka hadi geti la shule ya udereva. Kalamu nyuma ya sikio, na njia nzima hakutamka neno.