Kaka Yetu Hatulii na Jukwaa la Mashariki

Ndugu, jamaa na marafiki, mtu tunayemzika leo aliitwa Hatulii tangu hajaota meno, na jina la kwenye cheti cha kuzaliwa lilibaki la ofisini tu. Mimi ni dada yake, ninayemfuata kwa kuzaliwa. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu huu kwa sababu wenzangu wote waliogopa kulia mbele za watu. Mimi nitalia, tena nitalia vizuri, lakini nitasoma kwanza.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, ambako baba yetu alikuwa fundi wa breki. Alikuwa wa kwanza kati yetu watoto watatu. Mama alikuwa akisema mwanawe alitembea bila kutambaa, na watu walidhani anatia chumvi mpaka walipomwona mtoto mwenyewe. Baba alitania kwamba anashinda kutwa akifunga breki kwenye mabehewa, kisha anarudi nyumbani kwa mtoto asiye na hata moja. Akitumwa dukani kununua sabuni, kaka alirudi na sabuni, habari za mtaa mzima, na mara nyingi kiatu kimoja.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya ufundi hadi 1978. Huko ndiko alikokutana na meza ya kuchorea. Ilikuwa meza ndefu, na mtu alichorea juu yake akiwa amesimama, kwa hiyo ilimfaa. Mwalimu wa uchoraji alimwambia baba kwamba kijana wake anajua kazi ila anamchosha mwalimu, maana anazunguka meza mpaka na yeye anaona kizunguzungu. Baadaye, akiwa tayari kazini, aliomba ruhusa akasomee usanifu wa majengo, na alihitimu mwaka 1986.

Kazi aliianza mwaka 1982 kama mchora ramani katika ofisi ya ujenzi, ghorofa ya pili, chumba chenye dirisha linalotazama maegesho ya matrekta. Alichora zahanati, madarasa, stendi za mabasi na vyoo vya masoko. Hakudharau hata choo. Alisema ukichora choo vibaya utatukanwa kila siku na watu ambao hata hawakujui. Mwaka 1995 aliacha ajira, akafungua ofisi yake mwenyewe na wenzake watatu, na wote watatu wapo hapa leo, wamechoka kama sisi.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1987. Wifi yetu alikuwa opereta wa simu posta. Marehemu alikwenda kupiga simu ya mbali, akashindwa kukaa kwenye foleni, akawa anazunguka benchi mpaka watu wakaanza kunung'unika. Wifi alitoka dirishani kwake, akamwambia aende nje akazunguke jengo, zamu yake ikifika ataitwa. Alizunguka kweli. Alipoitwa alikuwa ameshasahau simu aliyotaka kupiga, lakini jina la opereta hakulisahau. Wote wawili walipenda mpira, na kusema kweli wifi alipenda zaidi. Kila wikiendi walikwenda uwanja wa taifa wa zamani. Yeye akikaa chini karibu na mstari akimfundisha mwamuzi kazi, mumewe akisimama juu kwenye ngazi, maana alishindwa kukaa hata dakika moja.

Juni 1999 lori liligonga gari alilopanda wifi, na tangu siku ile hakusimama tena kwa miguu yake. Uwanja ule wa zamani ulikuwa na ngazi kila mahali. Mechi ya kwanza baada ya ajali, vijana wanne walimbeba juu juu, watu wakawapigia makofi. Aliporudi nyumbani alisema yeye si gunia, na hatakwenda tena. Ikabaki redio. Marehemu naye hakwenda tena. Alizunguka sebule na redio ikipiga kelele, miaka na miaka, mpaka zulia likatoboka njia. Tulipomwambia aende na rafiki zake, alikuwa mkali.

Uwanja huo ulifungwa mwaka 2014, baada ya kipande cha paa kuanguka kwenye viti vitupu siku ambayo, kwa bahati, haikuwa na mechi. Mwaka 2018 ilipoamuliwa ujengwe upya, ofisi ya marehemu ilipewa kusanifu majukwaa yote manne. Kuanzia hapo nyumba yao haikuwa nyumba tena. Aliondoa makochi, akafunga sebuleni viti vya plastiki vya majaribio, kila kimoja na umbo lake, kwenye ubao mrefu. Mgeni ukifika unakaa hapo, unapewa chai, kisha unaulizwa mgongo unasemaje. Shangazi yetu aliulizwa kama kiti kinambana nyonga, akaaga bila kumaliza chai.

Kwenye eneo la ujenzi ndiyo usiseme. Alimwaga ndoo za maji juu ya ngazi kuona yanakimbilia wapi. Aligeuza jukwaa kuu ili watu wasitazame jua la jioni. Milango ya kutokea aliipanua, akakataa katakata kuipunguza hata inchi, kwa sababu aliwahi kuona watu wakibanana mlangoni na ile sura haikumtoka. Mafundi walikuwa na utani wao, kwamba atakayempiga picha msanifu akiwa amekaa atanunuliwa chakula cha mchana na wenzake. Hakuna aliyekula.

Lakini roho yake ilikuwa jukwaa la mashariki. Katikati ya jukwaa hilo alichora baraza pana la watu wa viti vya magurudumu, lenye njia ya mteremko kutoka getini, bila ngazi hata moja. Alipima urefu wa macho ya mkewe kutoka sakafuni akiwa kwenye kiti chake, akarudia kupima mpaka wifi akamfukuza, na kwa kipimo hicho akapiga hesabu ya baraza zima. Alitaka mke wake aingie uwanjani kwa geti kama watu wengine, na aone mpira mwanzo hadi mwisho. Nawaambia haya msije mkadhani kwake ilikuwa kazi ya ofisini tu.

Machi mwaka huu paliandaliwa mechi ya majaribio kati ya mafundi wa zege na mafundi umeme, na familia zikaalikwa. Wifi alipanda mwenyewe hadi barazani, amevaa skafu ya timu, anacheka. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha mafundi umeme wakafunga bao, safu zote za mbele zikainuka, na hazikukaa tena hadi mwisho. Marehemu alishuka mbio kutoka juu kuja kumuuliza mkewe ameonaje.

"Nimeona migongo," wifi alisema.

Hapo ndipo alipoelewa kosa lake. Hesabu yote aliipiga kwa watu waliokaa. Mtu ambaye hakuwahi kukaa kwenye mechi hata moja katika maisha yake, alichora jukwaa la watu wanaokaa. Ningecheka, kama nisingeuona uso wake siku ile.

Kesho yake alikwenda mwenyewe mbele ya kamati ya ujenzi, akasema mchoro wake una kosa na zege livunjwe. Mwenyekiti wa kamati, ambaye namwona yuko hapa na nashukuru kwamba amekuja, alimuuliza kwa upole kama haiwezekani kuweka kibao cha kuwaomba watu wakae. Marehemu alimjibu kwamba bao lilipoingia, mwenyekiti mwenyewe aliruka mpaka miwani ikamtoka. Walikaliana kooni hadi Juni. Marehemu alikataa kutia sahihi ya kukabidhi jukwaa. Wengine walisema anaichelewesha nchi nzima kwa ajili ya mke wake. Alisema ndiyo, ni kwa ajili ya mke wake, na kama wao wana wake ambao hawataki waone mpira waseme. Hatimaye kamati ilikubali baraza liinuliwe, nyundo zikaingia, na yeye akawa wa kwanza kufika kila asubuhi kusimamia kuvunjwa kwa kazi yake mwenyewe.

Wakati huohuo alianza kupungua mwili. Sote tuliona, tukadhani ni jua na zile mbio zake. Tarehe 21 Agosti hospitali ilitupa jibu: saratani ya kongosho, na ilikuwa imeshasambaa. Daktari alimwambia apumzike, na nadhani ushauri huo ulimuuma kuliko ugonjwa. Alizunguka wodi akisukuma nguzo ya dripu. Alimwonyesha muuguzi kwamba mlango wa choo unafungukia upande mbaya, na muuguzi akakubali kwamba amekuwa akigonga goti hapo kila zamu. Mimi nilimgombeza, nikalia, nikamgombeza tena. Nilitaka alale. Nilitaka asiondoke, na nilidhani akilala hataondoka.

Ijumaa ya tarehe 10 Novemba baraza jipya lilikuwa limekauka, na wifi akaenda kulijaribu. Mhandisi wa ujenzi aliwapanga mafundi safu za mbele, wote wamesimama. Mimi nilikuwa hospitali, nimemshikia marehemu simu, maana mkono wake haukuwa na nguvu tena. Niliomba kimoyomoyo wifi aseme anaona kila kitu, basi yaishe.

"Naona uwanja wote," wifi alisema. "Ila kona ya karibu, upande wa kulia, siioni."

Nilimkasirikia wifi yangu vibaya sana. Nilijiuliza kona moja ni kitu gani mbele ya mtu anayeondoka duniani. Kisha nikamtazama kaka. Amefumbua macho, anauliza kona inazibwa na vichwa au na ukuta, na ni akiegemea au akiinama mbele. Siku mbili alikuwa hajaongea kiasi kile. Wifi akamjibu kwamba unaoziba ni ukuta mfupi wa zege ulio mbele ya baraza, na vichwa hawezi kujua mpaka ukuta utoke.

"Mwambie mhandisi aukate, aweke reli ya chuma," alisema. "Halafu wewe ukae hapohapo, watu wasimame, uniambie ukweli tena."

Baadaye wifi aliniambia kwamba njia nzima ya kwenda uwanjani alifikiria kumdanganya. Alishindwa, kwa sababu mumewe alimvunjia zege lote lile ili yeye aone, na kumwambia anaona wakati haoni kungekuwa kumdharau. Nilipoyawaza hayo, hasira iliniisha. Tumesameheana.

Marehemu kaka yetu alifariki Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, saa moja asubuhi, mkewe na watoto wake wakiwa kitandani pake. Miguu yake ilikuwa inasogea chini ya shuka mpaka mwisho. Mchana wake mhandisi alikuja nyumbani na vumbi la zege kwenye viatu, akiwa hana habari. Alikuja kusema kwamba ukuta umekatwa na reli imefungwa. Tulipomwambia, alikaa sebuleni akashika tama.

Marehemu ameacha mjane, binti, ambaye ni mwalimu, mtoto wa kiume, ambaye ni dereva wa kreni, wajukuu watatu, wote hawatulii, wadogo zake wawili, yaani mimi na kaka yetu wa mwisho, shangazi yetu, wenzake watatu wa ofisini, na majukwaa manne, matatu kati yake yakiwa yamekamilika.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ratiba inasema tukitoka makaburini tunakwenda nyumbani kula. Tutakula, lakini tunapitia uwanjani kwanza. Jumatatu kamati inaukabidhi uwanja, na ukishakabidhiwa hakuna nyundo itakayoingia tena. Ukuta umekatwa, lakini hakuna anayejua kama vichwa vya watu waliosimama haviizibi kona ileile. Mafundi wamemaliza mkataba wao wameondoka, na wifi hawezi kupima mbele ya viti vitupu. Anahitaji watu, na watu ndio sisi.

Mhandisi ametangulia kufungua geti la mashariki. Njooni hivyohivyo na nguo zenu za msiba, msimame safu za mbele ya baraza, bega kwa bega. Warefu msiiname. Wenye vilemba msivipunguze. Mwenyekiti, wewe simama kulia, pale panapoelekea kona. Na mtu yeyote asimwonee wifi huruma akasogea pembeni, maana siku ya mechi hakuna atakayesogea. Yeye atakuwa nyuma yetu, atasema anaona nini, na sisi sote tutakuwa tumesikia. Akisema haioni, leo ni Jumamosi, na mwenyekiti ana siku moja nzima kabla ya Jumatatu.

Kaka yangu Hatulii, Mungu akupe pumziko ambalo mwenyewe hukutaka kujipa. Ila usipumzike sasa hivi. Tusubiri kidogo, mkeo anakwenda kuangalia.