Wifi Hakuonja Kwanza

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Naomba mwitikie tena, maana nimewasikia kina mama tu. Kina baba mmenyamaza, na mimi mtu akinyamaza huwa najiuliza anaficha nini. Asanteni. Hilo ndilo gonjwa ambalo Mungu ameniondolea, au niseme anaendelea kuniondolea, kwa sababu hata asubuhi hii nimerudi mara mbili kuangalia kama kweli nimefunga mlango wa jiko.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Mama Editha, nauza wali na samaki karibu na stendi hapa Ifakara, na ni kiongozi wa kikundi cha maombi cha Alhamisi. Mmezoea kusema nina kipawa cha kupambanua. Mtu akija na shida, kabla hajamaliza kueleza, mimi nilikuwa nimeshajua nani anamwonea wivu, nani amefukia kitu shambani kwake, nani anacheka naye mchana huku moyoni anamchimbia shimo. Ndugu zangu, leo nakiri kwamba kile hakikuwa kipawa. Kilikuwa kidonda, na kilianzia kwenye msiba wa mume wangu.

Mume wangu aliugua homa wakati wa kuvuna mpunga. Tulimpeleka hospitali, akakaa wiki moja, akafariki. Siku ya tatu ya matanga, watu wamejaa kwenye mikeka, dada yake mkubwa alisimama. Ni wifi yangu Otilia, anaishi Lupiro, ng'ambo ya mto. Alisema maneno machache tu: "Mdogo wangu hakufa kwa homa. Muulizeni aliyekuwa anampikia." Kisha akakaa, akajifunika kitenge.

Mwanamke anayepika chakula cha kuuza, ukimsema hivyo mbele ya watu, umemmaliza. Wale waliokuwa wanagombania kambale wangu wakaanza kunisalimia kwa mbali. Unamkaribisha mtu saa saba mchana, mdomo umemkauka kwa njaa, anakwambia, "Nimeshiba, mama." Editha wangu alikuwa darasa la tano, na watoto wenzake shuleni walimuuliza kama huwa anathubutu kula nyumbani. Iliniuma, ndugu zangu. Ilinichukua miaka miwili kuwarudisha wateja, na kila aliyerudi nilimwangalia anavyotia tonge la kwanza mdomoni, nione kama mkono unasita.

Msidhani sikumwombea wifi. Nilimwombea sana. Nilimwombea moto. Nilimwomba Mungu amfichue, amwaibishe, amrudishie mara saba. Na kwenye sala ya Baba Yetu, tukifika pale pa kusamehe, nilikuwa napita haraka kama mtu anayepita karibu na mzinga wa nyuki. Nyie mliokuwa mnasali nyuma yangu mlidhani ni upako. Tuliishi hivyo miaka zaidi ya kumi, yeye Lupiro na mimi Ifakara.

Mwaka jana baada ya mavuno, asubuhi moja, pikipiki ikasimama mlangoni kwangu. Akashuka wifi Otilia, amezeeka, na kidumu cha togwa mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo, wifi," maana adabu ni adabu hata kwa adui. Hakuitikia. Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi. Yeye ndiye mkubwa, mimi ndiye ninayepaswa kumpigia magoti, sasa nikajiuliza huyu anataka nini.

Akasema, "Wifi, nilikukosea. Nilisema nisichokijua. Nimekuja kuomba msamaha."

Nikamwambia ainuke. Nikaleta vikombe viwili. Akamimina kimoja tu, akanipa kwa mikono miwili.

Sasa nyote hapa mnajua desturi. Anayeleta kinywaji huonja kwanza, anapiga funda moja mbele ya mgeni au mwenyeji, ndiyo kutoa sumu, kisha anampa mwenzake. Hata mtoto anajua. Mimi nikashika kikombe, nikangoja. Yeye ametulia tu, mikono mapajani. Nikasema, "Wifi, onja basi." Akasema, "Mimi leo sinywi. Wewe kunywa, wifi yangu." Nikamuuliza kama anaumwa tumbo. Akasema tumbo lake ni zima. Nikamuuliza tena kwa nini hanywi. Akatabasamu kidogo, akasema, "Leo tu, wifi."

Ndugu zangu, moyo wangu uliruka. Nikasema moyoni, aha, kumbe msamaha wenyewe ni huu! Mtu aliyenisingizia sumu mwaka ule, leo ananiletea kikombe ambacho hataki hata kukilamba. Nikatabasamu kama yeye. Nikamwambia, "Asante, nitakunywa baadaye." Nikakiweka chini. Kuhusu lile aliloliomba, sikusema nimesamehe wala sijasamehe. Nilimsindikiza mpaka barabarani, na pikipiki ilipopinda tu nikachukua kidumu, nikaenda nyuma ya nyumba, nikamwaga togwa yote kwenye shina la mgomba.

Kuku wakaja kudonoa. Mimi nikavuta kigoda, nikakaa kuwaangalia. Msicheke. Nilikaa mpaka jua likawa kali, na kesho yake nikakaa tena. Siku ya tatu jogoo mmoja akalala chali. Nikasema, nimemkamata! Kwamba wiki ile ile kideri cha kuku kiliingia mtaa mzima, na jirani yangu alizika kuku wake wote ambao hawakuonja togwa ya mtu, hilo nililijua vizuri. Nililiweka pembeni kwa sababu halikunisaidia.

Alhamisi ikafika. Mliokuwepo mnakumbuka. Nilisimama mbele ya kikundi, nikawaambia wifi yangu Otilia wa Lupiro amekuja kwangu na kinywaji, kwamba hakuonja, kwamba kuku wangu wamekufa. Alikufa mmoja, nikasema kuku. Nikamalizia, "Muulizeni kwa nini hakunywa." Nikakaa. Mliomba siku ile mpaka sauti zikawakauka, na mkiondoka mlienda na jina lake majumbani kwenu, najua, maana Jumamosi tayari lilikuwa limefika sokoni.

Siku ile nilirudi nyumbani na Editha. Sasa ni mtu mzima, ana mwanawe mgongoni. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Mama, ulivyosema leo ndivyo alivyosema shangazi kwenye msiba wa baba. Hata ulivyokaa ulipomaliza."

Nilimwambia afunge mdomo wake. Nawaambia ukweli, mbele ya madhabahu. Tena nikaanza kumshuku na yeye. Nikawaza, huyu ameongea na shangazi yake lini? Amepewa nini? Mtoto niliyemzaa mwenyewe nilimwangalia kama mpelelezi aliyetumwa kwangu.

Asubuhi yake nilikuwa jikoni peke yangu, nachambua mchele, na kama kawaida nikaanza Baba Yetu. Nikafika pale. Utusamehe makosa yetu, kama sisi tunavyowasamehe waliotukosea. Mikono ilikuwa na kazi, ungo umejaa, sikuwa na haraka ya kwenda popote, ndiyo maana siku hiyo nilisikia ninachokisema. Nikajiuliza, wewe mwanamke, unajua unachoomba? Unamwomba Mungu akufanyie kama unavyomfanyia wifi yako. Basi ungoje akufanyie. Utakuja mlangoni kwake na sala yako, umepiga magoti kwenye vumbi, naye atatabasamu, ataipokea, ataiweka chini, atasema nitaisikiliza baadaye. Ukiondoka ataipeleka nyuma ya nyumba na kuimwaga.

Niliogopa, ndugu zangu. Nilikumbuka sala zangu zote za miaka ile, za mtoto, za biashara, za mgongo unaoniuma, na wagonjwa wenu niliowawekea mikono. Nikaona zote ziko pale kwenye shina la mgomba. Nililia mpaka mchele ukalowa, ikabidi niuanike. Wateja siku hiyo walikosa wali.

Labda mnangoja niseme kwamba pale pale shaka ikaondoka. Haikuondoka. Nilimwambia Mungu, "Baba, huyu mama simwamini. Nikimwamini itakuwa rahisi, kwa hiyo nisaidie nimwamini kwanza, kisha nitamsamehe." Nilingoja siku mbili. Sikupata hata chembe ya imani juu ya wifi Otilia. Nilichopata ni hili moja, na lilikuja wazi kama mtu ananisemesha: kama nitangoja mpaka nipate uhakika, nitakuwa sijamsamehe, nitakuwa nimemaliza upelelezi tu.

Nikapanda pikipiki, nikavuka mto kwenda Lupiro. Njia nzima namshuku. Nilimkuta anaanika mpunga uani. Nikapiga magoti mimi, nikamwambia, "Wifi, lile ulilokuja kuliomba, nimekusamehe. Na mimi naomba unisamehe. Togwa yako niliimwaga, na jina lako nimelitaja mbele ya watu."

Aliendelea kugeuza mpunga kwa mguu. Halafu akauliza, "Watu wangapi?"

Nikasema, "Kama ishirini."

"Na hao ishirini umewaambia hayo unayoniambia mimi?"

Ndugu zangu, nilitaka kumjibu: na wewe kwenye matanga walikuwa wangapi? Umemwambia hata mmoja kwamba ulinisingizia? Neno lilishafika kwenye meno. Nililimeza, na lilikuwa chungu kuliko mwarobaini. Nikasema, "Bado sijawaambia."

Akaingia ndani, akatoka na sahani ya wali na kipande cha kambale, akaniwekea mbele. Akaenda kufukuza kuku kwenye mpunga. Nilibaki na ile sahani. Hakuna aliyeonja. Kichwa changu kikasema ngoja arudi. Nikanawa mikono, nikasema, "Baba, kama ninavyomsamehe," nikala. Nilikula yote, na niliporudi nilijisikilizia mpaka darajani kama nimeanza kuumwa, wala sikuumwa, maana nimefika hapa leo.

Mtataka kujua kwa nini siku ile hakunywa. Na mimi nataka kujua. Kuna siku nalitaka jibu kuliko ninavyotaka chai asubuhi. Labda alikuwa amefunga, labda alikuwa na nadhiri, labda alisahau desturi kwa aibu ya kuomba msamaha. Sijamuuliza na sitamuuliza. Likinizidi napiga magoti, na nawashuhudia kwamba tangu niache kuuliza, nikisali nasikia kuna mtu upande wa pili.

Basi nimesimama kwa ajili ya lile swali lake. Ndugu zangu wa Alhamisi, nisikilizeni. Wifi Otilia hakunipa sumu. Sina ushahidi wowote na sikuwahi kuwa nao. Kuku alikufa kwa kideri. Lile mlilolibeba kutoka kinywani mwangu mkalipeleka sokoni, nendeni mkalirudishe, mlango kwa mlango, kama mlivyolisambaza.

Nawe uliyekaa hapo na mtu wako moyoni, unayengoja kwanza aonyeshe kama ametubu kweli, nakusihi usingoje kama mimi. Mwamini Mungu badala ya kumpeleleza mwenzako. Namshukuru Yesu aliyenipokea nikiwa bado na shaka zangu, wala hakuniambia nitakusikiliza baadaye.

Wifi yupo hapa leo. Ni yule mama karibu na mlango, mwenye kitenge cha kijani. Nilimwambia tu aje ibadani, sikumwambia nitasema nini, na nimeona anavyoniangalia, huenda na yeye ananishuku. Hajawahi kusema mbele ya watu kwamba sikumuua mdogo wake. Sijui kama atasema. Sikumwita aje aseme.

Wifi, nilikukosea mbele ya watu hawa, na mbele yao naomba unisamehe. Huna haja ya kunijibu sasa. Nashuka, nakuja kukaa hapo. Sogea kidogo.