Kulusumu Sebit: Mali ya Mgonjwa Haigawanywi

Tarehe 30 Juni 1999, Mama Kulusumu Sebit, msimamizi wa zamu katika kiwanda chetu cha nguo hapa Jinja, anastaafu baada ya miaka thelathini. Wapo watakaosema hesabu hiyo imejazwa, kwa kuwa kiwanda kilifungwa miaka tisa katikati. Wakaseme kwingine. Miaka hiyo tisa ndiyo aliyofanya kazi kuliko sisi sote.

Vita vilipofika mwaka 1979, wafanyakazi tulibeba vipuri vya mashine tukavificha majumbani visiporwe. Mikanda ililala chini ya vitanda vyetu Walukuba. Fundi Masaba aliipeleka mota kubwa kwao Busiu, upande wa Mbale, chini ya mikungu ya ndizi. Kisha amani ikachelewa, njaa ikawahi, na wanunuzi wa vyuma chakavu wakaanza kupiga hodi.

Majirani walimshauri Mama Kulusumu ahame, na akibaki basi aache Kiswahili, maana ni lugha ya wanajeshi wa serikali iliyopinduliwa, na babu yake alikuwa askari kutoka Sudani. Hakuhama, na hakuacha. Alizunguka nyumba kwa nyumba hadi Bugembe akisimulia hadithi moja tu, kwa Kiswahili chake kilekile: mzee aliugua, wanawe wakagawana ng'ombe, sufuria na vikombe kabla hajakata roho. Asubuhi mzee akaamka, akaomba maji. Mama hakumkaripia mtu wala kuuliza nani ameficha nini. Akimaliza, aliaga. Tulibaki tumekalia vipuri vyetu, tukimwonea haya mzee tusiyemjua.

Masaba alikuwa mbishi. Watoto wake walikuwa na njaa, na siku Mama alipofika Busiu, mota ilikuwa tayari juu ya lori la mnunuzi. Bila mota hiyo, kiwanda kisingefuma tena hata leso. Masaba alimwambia kiwanda kimekufa, asimsumbue kwa ngano za watoto. Mama akaketi chini mbele ya lori akaisimulia yote, dereva akipiga honi. Mwisho akasema, "Masaba, mgonjwa hajakufa bado. Akiamka kuomba maji, kikombe iko wapi?"

Mota ikashushwa.

Kiwanda kilipofunguliwa mwaka 1988, Masaba aliileta mota, na mkononi kikombe cha bati kimejaa maji. Mama aliyanywa yote, kisha akamgombeza kwa kuchelewa. Baadaye wakubwa wapya walimpa kitabu cha kanuni awasomee vijana. Alikifungia kabatini, akawasimulia mkono wa nani ulikamatwa na mashine na kwa nini. Zamu yake haijaumiza mtu mpaka leo.

Mama, asante. Tunasikia watu wameshaanza kugombea kiti chako na birika lako. Wakome. Mali ya aliye hai haigawanywi. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, na siku ukipita hapa na kiu, kikombe cha bati kiko palepale.

Nangobi, idara ya kusokota nyuzi