Sanduku la Hermesi

Nani amefukiza ubani humu? Marini, ni wewe tu. Toa chetezo hicho nje kabla sijakasirika, maana sitaki kufa nimenuna. Babu yenu alinizaba kofi kwa kosa hilihili nikiwa na miaka tisa, akaniambia, "We mtoto, Mungu ana shida gani na moshi wako? Mshukuru, unyamaze." Nimeisikia harufu hiyo sasa hivi nikamkumbuka mpaka machozi yamenitoka. Haya, njooni karibu wanangu wote watatu, mnisikilize, kwa sababu sauti yangu haifiki mbali tena.

Sinani, umekuja kutoka Baghdadi juu ya nyumbu siku zote hizo, na hujampa mdogo wako Marini hata salamu. Mwaka wa sita huu mnapitana kama wageni kwa ajili ya sanduku lile pale ukutani: wewe unataka kitabu cha nabii wetu Hermesi kiende kwa wanazuoni wenzako kitafsiriwe, na Marini anaapa hakitoki hapa Harani yeye akiwa hai. Leo nataka jambo hilo liishe.

Mnajua kilikotoka. Kilitoka Misri, kwa makuhani waliomwita Hermesi kwa jina la mungu wao wa maandishi, Wagiriki wakakiandika kwa lugha yao, wazee wetu wakakitia katika Kisiria chetu, na Waislamu walipotawala, mkubwa mmoja akawauliza, "Nyinyi mnaotazama nyota, mna nabii? Mna kitabu?" Wazee wakajibu, "Nabii wetu ni Hermesi, ndiye Idrisi wenu, na kitabu chake tunacho." Kwa jibu hilo tuliachwa tuishi. Siku hizi huko kwako, Sinani, kila mwenye tanuri na kipande cha shaba anamtaja Hermesi ili apate dhahabu. Baba angecheka mpaka akohoe! Yeye alimpenda kwa sababu alifundisha kwamba akili iliyo ndani ya mtu imetoka kwa Mungu na itarudi kwake, ikipanda mbingu saba, na katika kila mbingu ikivua kitu: hapa ulafi, pale hila, kule hasira.

Ah, asubuhi zile! Tulisimama uani tukielekea jua linapochomoza, baba anasoma, mimi nafuatisha, miguu inakufa ganzi kwa baridi, kisha tunakula mkate wa moto na tini za kuchemsha, bila nyama, na ananitania kwamba nimesali kwa tumbo. Ningepewa asubuhi moja tu ya zile, ningeichukua.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kitabu hakipo.

Msinikatize, nina pumzi chache. Mwaka ule baba alipofariki nilikwenda Raka kwenye harusi, nikakaa huko mpaka wakati wa kukandika udongo kuba za nyumba kabla ya mvua ukapita, na kuba hii ikavuja. Desturi yetu ni kulifungua sanduku mara moja tu kwa mwaka, mwezi mpya wa Nisani, mwanzo wa mwaka wetu, kwa hiyo maji yalidondoka humo majira yote ya baridi nami sikujua. Nilipofungua nilikuta donge la ngozi lililooza, linanuka. Nililizika chini ya kizingiti usiku huohuo. Niliona haya, na niliogopa pia, maana sisi bila kitabu ni nani? Tangu hapo, kila Nisani nimejifungia humu ndani nikakikariri kwa moyo, kwa sauti, mbele ya sanduku tupu, na nyinyi mkadhani ninasoma.

Balthi, binti yangu, wewe ulikuwa ukijibanza nyuma ya mlango. Nilikurushia kiatu, nikasema wasichana hawafundishwi haya. Niliogopa usije ukachungulia ukaona. Nisamehe, mama. Kila mwaka ulirudi, na mimi nilikiona kivuli chako pale, nikawa napaza sauti ili usikie.

Basi, sanduku lipasueni kuni, mwokee mkate wa matanga yangu. Marini, kandika kuba mapema. Sinani, chukua kalamu, keti na dada yako, mwandike maneno ya kitabu nakala mbili, moja ya Baghdadi na moja ya hapa, na Marini ashike taa awaangalie. Hamwezi kuandika bila kuzungumza, na hiyo ndiyo nia yangu.

Mungu awaweke pamoja. Awape... awape akili ya kumjua. Nigeuzeni nielekee jua. Hivyo. "Ewe uliyetuamsha tulipolala fofofo, ukatu... ukatushika mkono, ukatu..." Neno limenitoka. Miaka yote hiyo, na limenitoka. Balthi, kinafuata nini?

Ndiyo. Ndiyo, hivyohivyo. Sinani, mbona unamkodolea macho? Andika. Hapo baba alikuwa akivuta pumzi, mama. Vuta pumzi... kisha endelea.