Risala ya Kumuaga Mama Yosefina, Aliyetuachisha Sigara kwa Chai ya Asubuhi

Mgeni rasmi, muuguzi mstaafu, mama yetu Yosefina, shikamoo.

Leo kaa, sisi ndio tukukaribishe, ingawa nyumba ni yako, viti ni vyako, na hata sufuria la pilau tumeazima jikoni kwako.

Sisi ni wakazi kumi na mmoja wa Lipangalala na Kibaoni, wanaume tunaopenda wanaume na wanawake tunaopenda wanawake. Majirani wanatujua kama kikundi cha bustani, na kweli mchicha tunalima. Nasoma mimi Anselim, kwa niaba ya wote.

TULIKOTOKA

Mama, kwetu sigara haikuwa starehe tu. Ndiyo iliyotukutanisha. Mtu akisogea nyuma ya grosari kuomba kiberiti, mlipata sababu ya kusimama pamoja dakika tano bila kuulizwa. Matusi ya barabarani na hofu ya nyumbani tulivituliza hapohapo.

Miaka mitatu iliyopita, mwenzetu Dionisi, fundi pikipiki, alianza kukohoa hadi anashika ukuta. Akaenda zahanati moja. Aliyempokea alimuuliza kwa nini anatembea vile, akawaita wenzake waje kumtazama. Kifua hakikupimwa. Dionisi akaondoka, akamaliza pakiti nzima njiani.

Ndipo mwenzetu Sayi, jirani yako anayeuza mchele, akamleta kwako. Ulimuuliza, "Sigara ya kwanza unavuta saa ngapi?"

"Nikiamka tu, Mama. Bila hiyo siwezi kutoka nje."

"Haya. Kesho usivute kabla ya chai. Na chai uje unywe hapa."

Akaja. Keshokutwa yake akaja na Sayi. Wiki ya pili tulikuwa sita, vikombe vikawa havitoshi. Dionisi ulimsindikiza mwenyewe kupima kifua, ukakaa naye benchi moja mpaka akaitwa.

TULIPOFIKIA

Kati yetu kumi na mmoja, tisa hatuvuti tena. Nimesoma "hatuvuti" kama ilivyoandikwa, lakini mimi simo katika hao tisa. Wenzangu walitaka niruke hapa, Mama, ila sijawahi kukudanganya. Nimetoka sigara ishirini kwa siku, nimefika nne.

Dionisi amepona kikohozi. Juzi alisukuma pikipiki ya mteja kutoka Kibaoni mpaka hapa, akafika anaimba.

YANAYOTUSUMBUA

Kuacha kunawezekana. Siku mbaya ndizo zinazoturudisha. Ndugu zake Sayi walipomwita nyumbani kumtafutia mume, alirudi akiwa anavuta tena. Alijificha wiki nzima kwa aibu. Ulimfuata ukamwambia, "Umevuta mbili, hukuvuta kumi. Njoo ule." Hukumuuliza kitu kingine.

Sasa unahamia Mang'ula kwa binti yako Agnella. Tunafurahi kwamba utalea wajukuu. Lakini tukiugua, bado tunaogopa kukaa benchi la zahanati bila wewe.

MAOMBI YETU

Kwanza, kabla hujazoea huko, tutafutie hapa Ifakara muuguzi mmoja unayemwamini. Atuulize kuhusu kifua, aishie hapo.

Pili, tunaomba tuje Mang'ula kukusalimia. Mchicha tutaleta.

La mwisho lilitusumbua kuandika. Miaka yote hii tulikuomba usitusimamishe njiani kutusalimia, ili watu wasikuseme vibaya. Ulikubali, ingawa tuliona ulivyokuwa unaumia kupishana nasi sokoni kama wageni. Kesho kirikuu ikija kubeba vyombo vyako, tutakuja wote kupakia, mchana kweupe, majirani wakiwa nje. Tumekubaliana hivyo, hata waoga wetu. Tunaomba utuite kwa majina, kwa sauti ileile unayotuitia chai.

Mungu akulinde safarini, akupe pumzi ndefu na majirani wema.

Ni sisi wanao,
Kikundi cha Bustani, Lipangalala.