Matofali Mawili ya Mama Léonie Mapalo

Mama Léonie Mapalo Chisanga alizaliwa Sakania tarehe 4 Aprili 1953, karibu kabisa na stesheni, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli. Mvua ya mwisho ya msimu ilinyesha usiku ule, na nyanya yake akampa jina Mapalo, yaani baraka. Alikua akisikia treni za Zambia zikipita gizani. Mpaka uzeeni alisema hakuna usingizi mtamu kama ule unaopitiwa na treni.

Alisoma shule ya msingi kwa masista palepale Sakania, akapenda nyimbo kuliko hesabu. Mwaka 1968 alipelekwa Lubumbashi kwa shangazi yake Agnès, mtaa wa Kamalondo, akajifunza ushonaji. Cherehani yake ilikaa barazani ikitazama barabara, na aliyepita bila salamu alitaniwa mpaka afike kona. Nguo nyingi zilizovaliwa hapa leo zilipita chini ya sindano yake, na wenyewe wanakumbuka jinsi alivyozichelewesha.

Donat Kangwa alimjia na suruali ya kutiwa kiraka. Alikuwa mfyatuzi wa matofali, na vumbi jekundu la kichuguu halikutoka katika suruali ile hata ilipofuliwa. Aliirudisha mara nyingi sana, hadi shangazi Agnès akauliza kama kijana ana suruali moja tu au ana neno. Alikuwa na neno. Walifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1975, wakajaliwa Honorine, Symphorien na Nono.

Maisha ya Mama hayasimuliki bila basilika hii tunayoiona kilimani, ya Mama wa Wasafiri. Ilianza kujengwa mwaka 1987, polepole, kama mti unaoota. Kila sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, tarehe 15 Agosti, mahujaji walipanda kilima, kila mmoja na tofali kichwani alilolifyatua kwa udongo wa kwao, na kulijenga kwa mkono wake. Ndiyo maana kuta zake zina rangi nyingi: nyekundu ya Kamalondo, manjano ya Sakania, na ile ya Kambove yenye ukijani wa shaba. Nguzo zake zinapanda juu bila haraka, paa la shaba limegeuka kijani, na ndani kuna ubaridi unaomfanya mtu ashushe sauti hata kabla hajakumbuka kusali. Desturi yake ni moja: tofali la aliye hai halibebwi na mwingine. Ndugu hubeba la marehemu tu.

Mwaka 2001 Donat na mkewe walifyatua yao mawili. Udongo ukiwa bado mbichi, Donat aliacha alama ya kiganja chake kwenye tofali la Léonie, na Léonie akaacha chake kwenye la Donat. Waliapa kuyajenga pamoja, bega kwa bega, katika ukuta wa mashariki. Lakini kazi ya matofali ilikuwa imelala, na mwezi wa Juni Donat akaenda Kambove kuchimba madini, akiahidi kurudi kabla ya hija. Julai shimo likaporomoka. Wengine walitolewa, yeye hakuonekana. Mtu mmoja alidai alimwona baada ya hapo akishika njia ya Likasi.

Kwa neno hilo moja Mama aliishi. Alikataa kilio kisiwekwe nyumbani kwake, akakataa nguo nyeusi. Kubeba tofali la Donat kungekuwa kusema amekufa, na yeye hakuwa tayari kulisema. Basi kila Agosti alipanda na tofali lake mwenyewe, akasimama mbele ya nafasi yao iliyoachwa wazi ukutani, akangoja, kisha akateremka nalo. Watoto wa mtaa walimwita Mama Brique, yaani Mama Tofali. Alicheka nao, ila nyumbani Honorine alimkuta mara nyingine akilifuta vumbi tofali la Donat huku machozi yakimtoka.

Ujenzi ulipokaribia kwisha, padri wa wakati ule alitaka tundu lile lizibwe. Mama alimjibu taratibu, nasi tulikuwapo.

“Mon père, mutu hafungake mulango kama bwana yake iko mu njia.”

Tundu likabaki. Na hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelichora kwenye plani ya jengo: jua la asubuhi lilipita pale, likavuka kanisa zima na kulala kwenye ngazi ya altare. Wanawake ambao waume zao wako migodini au ng'ambo ya mpaka walianza kuja kupiga magoti katika mwanga ule. Padri wa sasa ndiye aliyemwomba tundu lisizibwe kamwe. Mama alicheka sana, maana dunia ilikuwa imegeuka.

“Ule mwangaza haikuwa ya kanisa,” alimwambia. “Ilikuwa ya Donat, juu asipotee njia.”

Ugonjwa wa moyo ulimshika mwaka jana. Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025, nyumbani Kamalondo, alimwita Honorine na kumwagiza alete matofali yote mawili kitandani. Aliweka kiganja chake katika alama ya kiganja cha Donat, kikaenea sawasawa.

“Nilishachoka kumungojea,” alisema. “Sasa miye njo naenda kumukuta. Muyaweke juu ya sanduku yangu. Miye njo nitayabeba.”

Alilala, na hakuamka.

Ameacha watoto watatu, Honorine, Symphorien na Nono; wajukuu, akiwemo Plamedie anayeirithi cherehani; mdogo wake Kalenga wa Sakania; na majirani wa Kamalondo wanaodai nguo zao. Leo kilio ni cha wawili, na Donat Kangwa analiliwa hatimaye pamoja na mkewe.

Matofali mnayoyaona juu ya jeneza lake ndiyo hayo. Tukitoka makaburini, fundi Bwalya anatungoja ukutani, kwenye lile tundu, na udongo uliokorogwa. Kesho asubuhi, watakaopiga magoti kwenye ngazi ya altare watakuta kivuli. Wasihuzunike. Taa ya mlangoni huzimwa wenye nyumba wakishaingia wote.

Mama Mapalo, pumzika kwa amani, wewe na uliyemngoja.