Mwalimu Mektrida Olomi na Mlango wa Stoo ya Kahawa

Padri wetu, ukoo wote wa Olomi, na majirani mlioacha ng'ombe bila majani ili mje hapa: wazazi wangu shikamooni, wenzangu poleni. Mimi ni Doris, mjukuu wa marehemu. Ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na naiona ni heshima kubwa, kwa sababu kusoma kwenyewe alinifundisha yeye.

Mwalimu Mektrida alizaliwa tarehe 3 Machi 1930 hapa hapa Kibosho, mtoto wa nne wa Mzee Jovin na Mama Dominika. Alisoma shule ya misheni, kisha akaenda chuo cha ualimu wakati ambapo wazee wengi walimwambia baba yake kwamba anapoteza mikono ya kukatia majani. Mwaka 1950 alianza kufundisha. Alifundisha Kibosho, Sanya Juu na Njoro, na wengi mliosimama hapa mliwahi kuvutwa sikio naye.

Mwaka 1953 alifunga ndoa na Mzee Primus Olomi, mkulima wa kahawa, ambaye alimwita "Mwalimu" hata alipokuwa akiomba chumvi mezani. Walijaliwa watoto watatu: Wenseslaus, Zita na baba yangu Basili. Mzee Primus alitutoka mwaka 1979, na Bibi hakutaka kuhama kihamba chake, shamba la migomba na kahawa la ukoo.

Alistaafu mwaka 1985 akidhani amemalizana na chaki. Mwaka 1991 nikaletwa mimi, nina miaka saba na mguu mmoja uliopooza kwa polio. Shule ilikuwa ng'ambo ya korongo, na masika mtoto mwenye miguu miwili mizima alikuwa akivuka pale kwa kutambaa. Baba alikuwa dereva wa malori, mama yangu Salvina akiuza ndizi sokoni Moshi. Bibi aliwaambia, "Mleteni. Atasomea hapa hapa kihambani."

Basi likaja swali ambalo mwalimu aliyefundisha miaka thelathini na mitano hakutegemea limsumbue: amfundishe mtoto huyu kusoma kwa mtaala upi? Kabatini alikuwa na chati yake ya zamani ya silabi, ba be bi bo bu, imeliwa pembeni na mende. Lakini miaka ile maduka ya Moshi yalikuwa yamejaa vitu vipya, na Krismasi ile, ukoo uliporudi nyumbani kama kawaida yetu, Baba mkubwa Wenseslaus alishusha kwenye gari katoni nzima ya vitabu vya Kiingereza. Vilikuwa na picha za rangi, vinanukia upya.

"Mama, dunia imefunguka," alisema. "Mtoto aanze na Kiingereza moja kwa moja. Hizo ba-be-bi zako zilikuwa za kina sisi."

Bibi alikubali. Alimwamini mwanawe, na vitabu vile vilimvutia kweli. Tukavisoma Kwaresima nzima.

Sasa, sisi watu wa huku tuna namna yetu ya kushika maneno. Tangu tukiwa mgongoni tunasikia litania jumuiyani. Kiongozi akitaja jina, mtoto asiyejua hata kufunga kifungo anaitikia "utuombee" bila kukosea. Nami nilikishika kitabu kile vivyo hivyo. Bibi akifunua ukurasa wa tunda jekundu naitikia, wa gari naitikia, tena kwa sauti ya kanisani. Pasaka ya 1992 nilisoma mbele ya Baba mkubwa kitabu kizima. Watu walipiga makofi, shangazi Zita akapiga vigelegele.

Bibi peke yake hakupiga makofi. Aliisikia ile sauti, na yeye ndiye aliyekuwa akiongoza litania jumuiyani. Alichana kipande cha jani la mgomba, akafunika picha, akasema, "Soma tena, mae, mjukuu wangu."

Nililitazama jani. Sikujua hata neno moja.

Baba mkubwa aliona aibu, na aibu ikageuka hasira. "Ualimu wako umekwisha muda, Mama. Krismasi akiwa bado hajui kusoma, nampeleka bweni la watoto walemavu." Bweni lenyewe lilikuwa mkoa mwingine. Niliogopa sana, maana sikuwahi kulala usiku hata mmoja mbali na watu ninaowajua.

Bibi hakubishana. Wiki nzima aliviweka vitabu vya rangi na chati ya mende pamoja mezani, akavitazama huku akimenya ndizi za mtori, na chaguo lake likamshangaza kila mtu. Alisema kitabu cha kwanza cha mtoto ni mdomo wake mwenyewe. Kila asubuhi nilimsimulia kwa Kichagga yaliyotokea kihambani. Tukayasema pamoja kwa Kiswahili, yeye akayaandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo ya kahawa, na kesho yake niliyakuta pale pale yakinisubiri. Hapakuwa na picha yoyote. Sentensi yangu ya kwanza maishani ilikuwa "Ng'ombe wa Bibi amekataa majani." Nilipoisoma mwenyewe nilicheka mpaka ng'ombe akageuka kunitazama.

Ikaja Krismasi ya 1992. Baba mkubwa alileta nyama imefungwa kwenye gazeti. Alichana kipande cha gazeti, akanikabidhi mbele ya ukoo wote. Kilikuwa na picha ya mchezaji mpira. Nikaifunika kwa kiganja changu, bila kuambiwa na mtu.

"Wakulima wa mpunga wa Chekereni..." Neno lililofuata lilikuwa refu kama kamba ya ng'ombe. Nikalikata kama kwenye ile chati ya mende, ambayo Bibi hakuwa ameitupa. "Wa-la-la-mi-ki-a. Walalamikia maji!"

Makofi ya safari hii Bibi aliyapiga wa kwanza.

Baba mkubwa alitoka nje. Aliporudi alikuwa ameshika jani la isale, na kwetu jani hilo likiletwa kuomba msamaha halikataliwi. Akampa mama yake kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha. "Nilikukosea, Mama. Kwa lile neno la muda."

"Nimepokea," Bibi alisema. "Haya, Wense, kachinje mbuzi, Mwalimu ana njaa."

Bweni halikutajwa tena. Mwezi uliofuata majirani walianza kuleta watoto wao wadogo, na mlango ule wa stoo ulifundisha watoto wa kijiji hiki miaka kumi. Vitabu vya rangi navyo havikutupwa. Tulivirudia mtoto akishajua kusoma, na ndipo Kiingereza kilipoingia vizuri. Aliyenunua chaki zote za miaka hiyo ni Baba mkubwa Wenseslaus. Mimi niliingia shule darasa la tatu, na sasa niko chuo cha ualimu, mwaka wa kwanza.

Mwaka jana Bibi alipata kiharusi kilichomwondolea maneno mengi. Likizo nilikaa naye, nikamwandikia mlangoni sentensi fupi, naye akazisoma polepole kwa kidole. Alifariki tarehe 14 Agosti 2004 hospitalini Moshi, akiwa ameshikwa mkono na Zita. Ameacha watoto watatu, wajukuu kumi na mmoja, vitukuu wanne, na kijiji kinachosoma.

Picha yake mnaiona ukurasa wa mbele wa karatasi hii ya maisha yake. Tangu asubuhi nimejizoeza kuisoma nikashindwa, kila nikiitazama picha hiyo machozi yananitoka. Kwa hiyo nimefanya alivyonifundisha: nimechana jani la mgomba pale nyuma ya stoo, nikaifunika.

Nimesoma yote, Bibi, bila picha. Lala salama, Mwalimu. Darasa lako limeelewa.